Maziwa Bila Mtoto: Ukiambiwa "Ni Homoni", Uliza Ni Ipi

Hapa Kisumu neno homoni limekuwa jibu la kila swali. Hedhi imechelewa? Homoni. Chunusi zimerudi ukubwani, mwili unanenepa, usingizi hauji, bibi harusi wa juzi bado hajashika mimba? Homoni. Soko la Kibuye siku ya Jumapili hukosi mtu anayeuza chupa ya "kusawazisha homoni", na ukifungua simu utamkuta mwingine anauza majani ya kazi hiyo hiyo kwa bei ya juu zaidi. Mnunuzi haulizwi ni homoni gani imepanda wala ipi imeshuka. Chupa ni moja kwa wote.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Mwili una makumi ya homoni, na nyingi kati yake kila moja ina shughuli zake. Insulini inahangaika na sukari, kotisoli na shinikizo la damu na misukosuko ya mwili, estrojeni na hedhi na mifupa. Kusema "homoni zangu zimevurugika" bila kutaja jina hakumsaidii mgonjwa wala daktari. Kwa hiyo nitachukua moja tu, prolaktini, niifuate mpaka mwisho. Nimeichagua kwa sababu inaleta tatizo linalozua minong'ono mingi huku kwetu: matiti kutoa maziwa kwa mwanamke asiye na mimba, asiyenyonyesha, na pengine hajawahi kuzaa.

Tuanze na msingi. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaachiliwa kwenye damu, ikaenda kufanya kazi mahali pengine. Damu inafika kila kona, lakini homoni huitikiwa tu na seli zenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo. Kiasi chenyewe ni kidogo ajabu: prolaktini hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, katika mililita moja ya damu.

Inatoka kwenye tezi ya pituitari, iliyokaa chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Tezi hii ina upana wa kama sentimita moja na uzito wa karibu nusu gramu. Juu yake kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na viwili hivyo vimeunganishwa na kikonyo chembamba chenye mishipa ya damu. Juu yake pia ndipo neva za macho mawili zinapokutana na kupishana, jambo ambalo tutalirudia kwa sababu lina madhara yake. Sehemu ya mbele ya pituitari hutoa homoni sita kubwa: ya ukuaji, ya kuiamuru tezi ya thairoidi pale shingoni, ya kuziamuru tezi zilizo juu ya figo, mbili za kuamuru ovari au korodani, na prolaktini yenyewe. Sehemu ya nyuma huhifadhi mbili nyingine, moja ya kupunguza mkojo na moja inayokaza mji wa mimba wakati wa uchungu na kusukuma maziwa mtoto anaponyonya.

Namna zinavyodhibitiwa, fikiria tangi la maji juu ya nyumba, kitu ambacho katika mji wenye mgao wa maji hakuna asiyekijua. Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakipungua, boya linashuka na valvu inafunguka. Yakijaa, linapanda na valvu inafungwa. Thairoidi ikitoa homoni kidogo, pituitari hupandisha amri. Ikitoa nyingi, amri hushuka. Ndiyo maana daktari mzuri husoma namba mbili pamoja, ya amri na ya jibu. Amri ikiwa juu na jibu chini, thairoidi ndiyo mgonjwa. Zote mbili zikiwa chini, mshukiwa ni pituitari. Namba moja iliyong'olewa peke yake hupotosha, na mimi sina imani na vile vifurushi vya "vipimo vya homoni zote" vinavyouzwa kabla mtu hajaulizwa anaumwa nini.

Prolaktini haiendi kwa boya. Yenyewe ingejitoa tu siku nzima kama isingezuiwa, na anayeizuia ni haipothalamasi, kwa kemikali iitwayo dopamini inayoteremka kupitia kile kikonyo. Watafiti waliliona hili katika miaka ya 1950: ukiitoa pituitari ya panya mahali pake na kuipandikiza kwenye figo, mbali na ubongo, homoni nyingine hufifia lakini prolaktini huendelea kumwagika. Kwa hiyo chochote kinachopunguza dopamini, au kinachoizuia isifike, hupandisha prolaktini. Shika hilo na karibu kila kitu kitakachofuata kitaeleweka.

Leo kupima prolaktini ni kutoa damu kidogo na kusubiri karatasi. Miaka ya 1960 kipimo hicho hakikuwepo duniani, na wataalamu wengi waliamini binadamu hana prolaktini kabisa.

Kwa wanyama ilikuwa inajulikana zamani. Mwaka 1928 watafiti wawili wa Strasbourg walionyesha kwamba maji ya pituitari huwafanya sungura watoe maziwa. Mwaka 1933 Oscar Riddle na wenzake huko Marekani waliipa jina prolaktini, na waliipima kwa njiwa. Njiwa, dume na jike, hulisha makinda yao uji mweupe unaotoka kwenye kibofu cha chakula shingoni, na prolaktini ndiyo inayokinenepesha kibofu hicho. Basi kwa muda mrefu kazi ya kupima homoni ya maziwa ilikuwa ni kumdunga njiwa na kutazama koo lake. Prolaktini ya kondoo na ya ng'ombe ilisafishwa vizuri. Ya binadamu ilikataa kuonekana, kwa sababu mbili. Homoni ya ukuaji ya binadamu nayo ina uwezo wa kuchochea maziwa, na ndani ya pituitari zetu ni nyingi kuliko prolaktini kwa karibu mara 100. Kila aliyetafuta aliikuta ile kubwa, akahitimisha kwamba kwa watu hiyo moja inafanya kazi zote mbili.

Aliyekataa kuliacha swali hilo ni Henry Friesen. Alizaliwa mwaka 1934 huko Morden, mji mdogo wa Manitoba nchini Kanada, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Manitoba, akaongeza mafunzo Boston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Kwanza alichunguza homoni ya maziwa inayotoka kwenye kondo la nyuma la mama mjamzito. Kazi hiyo ilimfunza kutenganisha homoni zinazofanana mno, na ujuzi huo ulimfaa baadaye.

Dalili za kutilia shaka hitimisho la wengi zilikuwepo kwa wagonjwa wenyewe. Kuna wanawake wafupi sana waliozaliwa bila homoni ya ukuaji. Walijifungua na kunyonyesha vizuri tu. Kama homoni ya ukuaji ndiyo homoni ya maziwa, hao walinyonyesha vipi? Na wale ambao pituitari zao hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, wakaota mikono na taya kubwa, wengi wao hawatoi maziwa.

Friesen na wenzake walichukua pituitari za kima, wakaziweka hai maabara na kuzilisha asidi amino, vijenzi vya protini, zenye mionzi ili kila protini mpya itakayotengenezwa ijulikane. Kisha wakatumia kingamwili, yaani protini za ulinzi wa mwili zinazong'ang'ania kitu maalumu, zinazoitambua prolaktini ya kondoo kunasa kile kilichofanana nayo. Walinasa protini ambayo si homoni ya ukuaji. Hakuwa peke yake kwenye mbio hizo. Mwaka 1970 Frantz na Kleinberg wa New York walionyesha, kwa vipande vya matiti ya panya, kwamba damu ya mama anayenyonyesha ina kichocheo cha maziwa kisichozimwa na kingamwili za homoni ya ukuaji. Mwaka 1971 kikundi cha Friesen kikatoa kipimo cha prolaktini ya binadamu kwa mbinu waliyoibuni Rosalyn Yalow na Solomon Berson: homoni iliyotiwa mionzi inagombania kingamwili na homoni iliyomo kwenye damu ya mgonjwa, na kadiri mionzi inavyosukumwa nje ndivyo unavyojua damu ina homoni kiasi gani. Yalow alipata Tuzo ya Nobel kwa mbinu hiyo mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Wanawake ambao hedhi zao zilikatika bila sababu walipimwa, na baadhi yao prolaktini ilikuwa juu. Kampuni moja ya Uswisi ilikuwa imeshatengeneza bromokriptini, dawa iliyotokana na kemikali za ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai, inayofanya kazi ya dopamini. Sasa kulikuwa na namba ya kuangalia kabla na baada ya kidonge. Maziwa yalikauka, hedhi ikarudi, mimba zikashika. Friesen alirudi Manitoba mwaka 1973 na kuendelea kuichimba homoni hiyo hiyo, vipokezi vyake na kazi zake nyingine. Kuanzia 1991 hadi 2000 aliongoza baraza la kugharamia utafiti wa tiba nchini mwake. Mtu akikuambia mtafiti amekaa miaka kumi kwenye homoni moja, usimcheke. Kipimo unachoagizwa leo kwa mstari mmoja wa kalamu kimetoka huko.

Turudi nyumbani. Msichana wa shule akionekana na madoa mawili ya maziwa kwenye sare, swali la kwanza halihusu tezi. Ataulizwa mtoto alimpeleka wapi. Aliyeolewa ataulizwa na mama mkwe ni mimba ya nani iliyotolewa, na kwa Waluo hatakosekana mzee wa kusema hii ni chira, mwiko fulani umevunjwa. Wengi huficha mpaka hedhi ikatike mwaka mzima. Siwalaumu, lakini nasema hivi: maziwa kutoka matiti yote mawili, pamoja na hedhi kupotea, ni dalili ambayo kliniki inaijua na ina dawa yake. Ikiwa kinachotoka ni damu, au kinatoka titi moja tu peke yake, hilo ni jambo jingine na titi lenyewe lichunguzwe haraka.

Kitu cha kwanza daktari atakachotaka ni kipimo cha mimba, hata uape. Cha pili ni orodha ya dawa, na hapa watu wengi hupitiwa. Metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika inayopatikana karibu kila kemisti, huzuia dopamini na kupandisha prolaktini. Haloperidoli, risperidoni na dawa nyingine za magonjwa ya akili hufanya vivyo hivyo. (Anayezitumia za akili asiziache mwenyewe, amwone aliyemwandikia, kwa kuwa zipo za kubadilishia.) Kisha thairoidi: ikichoka, haipothalamasi hupandisha amri yake, na amri hiyo hiyo huichochea prolaktini pia. Wapo waliopona maziwa kwa vidonge vya thairoidi tu. Figo zilizodhoofika huchangia, na hata kidonda cha moto kifuani.

Halafu kuna kujikamua. Mtu akishaona tone la kwanza, kila asubuhi bafuni anaminya kuona kama bado yapo. Kuminya chuchu kunaiambia pituitari kwamba kuna mtoto, nayo inatii. Acha kuminya, subiri wiki kadhaa. Ni njia hiyo hiyo inayomwezesha nyanya aliyeachiwa mjukuu yatima kumnyonyesha mpaka maziwa yakaja, jambo lililoshuhudiwa mara nyingi Afrika na ambalo halina uchawi wowote.

Karatasi ya majibu nayo ina mitego. Kwa mwanamke asiye na mimba, kawaida ni chini ya takriban nanogramu 25 kwa mililita. Kuogopa sindano au kutoka usingizini sasa hivi huweza kuipandisha kidogo, na ndiyo maana namba iliyozidi kwa kiasi hurudiwa. Ikipita 200, uvimbe wa pituitari unashukiwa sana. Lakini baadhi ya maabara hutumia kizio kingine ambacho namba zake huwa kubwa kwa karibu mara 21, na nimeona mtu akilia kwa "prolaktini 480" ambayo ilikuwa ya kawaida kabisa. Soma kizio kilichoandikwa kando ya namba, na ukibadilisha maabara mwambie daktari.

Uvimbe, basi. Neno hilo likitajwa, familia huanza kuchanga pesa za India. Vimbe hizi za pituitari karibu zote si saratani, hazisambai mwilini. Nyingi ni chini ya milimita 10, na uchunguzi wa maiti na wa picha za MRI umeonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi ana kivimbe kidogo kwenye pituitari bila kujua wala kudhurika. Na huu wa prolaktini ni wa pekee kwa kuwa tiba yake ya kwanza ni kidonge, si upasuaji. Kabagolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Bromokriptini ni ya kila siku, na imezwe usiku pamoja na chakula kwa sababu ukiimeza tumbo tupu asubuhi kichefuchefu na kizunguzungu vitakufanya uiache. Vimbe nyingi hunywea. Anayeanza dawa ajue pia kwamba yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi: mimba yaweza kuingia bila tangazo. Anayehitaji MRI au daktari wa homoni hupewa rufaa, iwe kwenda Russia, kama Kisumu inavyoiita Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, au Moi kule Eldoret.

Vipi kuhusu uzazi wa mpango, unaobebeshwa kila lawama? Sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkononi hufanya kazi kwa kuituliza pituitari isiamuru yai lipevuke. Ukiacha, amri hurudi. Kwa kijiti hurudi haraka. Kwa sindano huchelewa, wastani wa kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, na kuchelewa huko ndiko kulikozaa uvumi wa utasa. Na ule usemi kwamba anayenyonyesha hashiki mimba ni kweli nusu. Prolaktini ya kunyonyesha hulaza amri za ovari, ila kinga hiyo ni ya uhakika kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine.

Upande wa pili wa homoni hii hausemwi sana, nao unanisumbua zaidi. Kuna mama aliyejifungua akavuja damu nyingi, akaongezewa damu, akapona. Maziwa hayakuja. Akaambiwa anywe uji wa wimbi na supu, akashindwa, mtoto akahamia chupani. Hedhi haikurudi, nywele za kwapa zikapotea, baridi haimwachi hata kwa jua la Kisumu, akisimama anaona giza. Miaka inapita akiitwa mvivu. Mwaka 1937 Harold Sheehan, mwanapatholojia wa Uingereza, alieleza kinachotokea: pituitari huvimba wakati wa ujauzito na kuhitaji damu zaidi, na shinikizo likianguka ghafla kwa kuvuja damu, sehemu yake ya mbele hufa. Huyu prolaktini yake iko chini pamoja na amri nyingine zote. Anatibika kwa homoni za kumeza, ila kwa mpangilio: kotisoli kwanza, thairoidi baadaye. Akipewa vidonge vya thairoidi peke yake kwa sababu tu kipimo kimoja kilionyesha iko chini, anaweza kuzidiwa vibaya, na hapa ndipo ile hoja ya kusoma namba kwa pamoja inapogeuka kuwa suala la uhai. Kwa hiyo kila anayeeleza uchovu wa miaka aulizwe alivyojifungua mara ya mwisho, na kama maziwa yalikuja.

Wanaume pia wana prolaktini na hupata vimbe hizi, tena huja wamechelewa, kwa kuwa hawana hedhi ya kuwastua. Hamu ya tendo la ndoa inapotea, naye anakwenda kununua dawa za nguvu zilizobandikwa kwenye nguzo za stima, anamaliza pesa, ananyamaza. Uvimbe unakua bila haraka na kuanza kuzisukuma neva za macho kutoka chini. Kinachopotea kwanza ni kuona pembeni, pande zote mbili: mwendesha boda boda anashangaa matatu inatokea wapi, anagonga bega kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe, ilhali anasoma gazeti bila shida, kwa hiyo daktari wa miwani haoni kosa. Akipimwa prolaktini inaweza kusoma maelfu. Hata akifika katika hali hiyo, kidonge kwa kawaida hutangulia kisu, na wengi huanza kuona pembeni tena ndani ya siku au wiki chache, kabla hata ya MRI ya pili kuonyesha kwamba uvimbe umepungua.